Kiinua mgongo cha Mwalimu: nyumba ya Chanika na ile ya Chamazi

Huyu Mwalimu kanifundisha hesabu darasa la tano na mpaka leo namwita Mwalimu tu, jina lake tuliache. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili huku Temeke, mikataba ya mauziano ndo ugali wangu, natumwa ardhi, natumwa kwa wenyeviti wa mitaa, nabeba makaratasi. Kwa hiyo alivyostaafu na kuanza kutafuta nyumba akanipigia, ila alinipigia akiwa ameshatoa advansi ya milioni 5 kwa mtu, na hapo ndo kisa kinapoanzia.

Kwanza hela, maana bila kuelewa hela hutaelewa kitu hapa. Mwalimu kaajiriwa Januari 1990 kastaafu Januari 2025, miaka 60 kamili kwa lazima, miezi 420 ya utumishi. Wastani wa mshahara wake kwa ile miaka mitatu minono zaidi ulikuwa milioni 1 na laki 4 kwa mwezi, yani milioni 16.8 kwa mwaka. Kikokotoo cha sasa cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kinachukua 1/580 mara miezi mara mshahara wa mwaka, inatoka kama milioni 12.17, hiyo ndo pensheni nzima ya mwaka. Halafu unazidisha kwa 12.5 na kuchukua asilimia 40 (ilikuwa 33 tangu 2022, ikapandishwa bajeti ya 2024) unapata milioni 60 na laki 8 za mkupuo. Asilimia 60 iliyobaki inarudi kama pensheni ya kila mwezi, kwake ni laki 6 na elfu 8.

Sasa sikiliza. Huyu mzee kwa miaka yote alikuwa anapiga hesabu kwa fomula ya zamani ya PSPF, mfuko uliokuwepo kabla ya PSSSF, ile ya 1/540, unazidisha kwa 15.5, halafu nusu unapewa kwa mkupuo. Kwa hiyo fomula angepata milioni 101. Mwalimu wa hesabu bwana, alikuwa ameiandika kwenye daftari tangu 2012 na kila mwaka anaihuisha! Nyumba aliyoiwaza kichwani ilikuwa nyumba ya milioni 100, vyumba vinne, geti, fremu mbele. Hela ikaja ya milioni 60 lakini nyumba ya kichwani haikupungua hata chumba kimoja, na mimi nadhani makosa yote yaliyofuata yametokea hapo, kuliko hata kwenye utapeli wa yule jamaa wa Chanika.

Mtu atauliza kwanini miaka 35 kazini hajajenga. Alinunua kiwanja Mbande, akakiuza 2014 binti yake alivyokosa mkopo wa chuo. Ndo hivyo. Binti ni nesi sasa hivi. Wao wenyewe, mzee na mama yaani mkewe, wakabaki wapangaji Tandika, vyumba viwili na sebule, laki na nusu kwa mwezi, unalipa miezi sita sita, na kila Juni na Disemba ndani ya nyumba hakuna raha.

Kwenye milioni 60.8 SACCOS ikachukua deni lake milioni 4 na laki 8. Zikabaki milioni 56. Shika hiyo namba.

Watoto walitaka arudi Korogwe. Kaka yake yuko huko, shamba la ukoo lipo, maisha nafuu, kwenye simu mpango unapendeza sana. Mama akakataa palepale na sababu zake ziko wazi, ana presha, kliniki yake iko Mbagala Rangi Tatu, na ana wateja wa vitumbua aliowajenga miaka 18, huwezi kuwabeba wateja kwenye basi la Tanga. Pia mtu ulietoka kwenye shamba la ukoo ukiwa kijana ukarudi na miaka 60 unakuta mipaka imeshahama, ukianza kuuliza unaitwa mchawi. Korogwe ikafa hapo.

Chanika ikaja kwa dalali. Nyumba ya vyumba vinne, fremu mbili barabarani, milioni 48. Dalali anamwambia mzee hapa fremu zinakulipa, unakula pensheni na unakula kodi. Mwalimu akaenda mara moja, akaona geti, akaona maua, akamuona muuzaji, kijana wa kama miaka 40 hivi, mpole, anaamkia shikamoo kila baada ya dakika mbili. Anasema nyumba ya marehemu baba, yeye ndo mtoto mkubwa, familia imekubaliana. Siku ya tatu mzee katoa milioni 5 "kushikilia", imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, shahidi dalali. Ndo akanipigia kwamba nimwandalie mkataba.

Nikamuuliza swali moja, Mwalimu, Fomu namba 4 umeiona? Kimya. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa, haiuzwi na kikao cha familia, inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa mahakama ya mwanzo uteuzi wake ndo unaandikwa kwenye hiyo Fomu namba 4. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni karatasi ya kupeleka mahakamani kuombea usimamizi, yenyewe haikupi mamlaka ya kuuza hata mlango. Akasema kijana kasema ipo anaileta. Nikamwambia twende wote Jumamosi tukaione nyumba upya, na safari hii tusimwambie dalali.

Tukafika saa nne asubuhi. Geti halijafungwa, tukabisha hodi, tukaingia mpaka uani. Kuna bibi kakaa kwenye mkeka mlangoni kwa chumba cha nyuma, ana ungo wa choroko anachambua, kuku wawili wanamvizia. Mwalimu akamwamkia japo nadhani wanakaribiana umri, akaitika. Tukasema tumekuja kuangalia nyumba inayouzwa. Hakunyanyua hata kichwa, akaendelea kutoa vijiwe, akasema "hapa hakuna nyumba ya kuuzwa baba, kaulizeni vizuri." Halafu akanyanyua kichwa, akasema "nyie ni wa tatu."

Mke mdogo wa marehemu huyo. Ana watoto watatu, mke mkubwa alikuwa na wanne, warithi jumla wanane na yeye akiwemo, na hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kufungua mirathi tangu mzee afariki. Wa tatu maana yake kuna watu wawili kabla yetu walishafika hapo na pengine nao wameacha advansi. Nilimwangalia Mwalimu akawa anaangalia zile fremu, moja ina kufuli lililoota kutu. Hakuna mpangaji wala nini. Tukaaga, bibi akatupa pole. Ndani ya daladala mzee hakuongea mpaka Gongo la Mboto, pale ndo akasema "mwanangu, nilimuuliza maswali yote isipokuwa hilo."

Kuzidai zile milioni 5 imekuwa stori ndefu nitaifupisha, wakili akaandika barua ya madai, mjumbe akahusishwa, kijana akarudisha milioni 3 na nusu kwa mafungu manne. Moja na nusu ikabaki.

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanaishia kwenye utapeli, mzee kaibiwa, pole. Ila tuseme makaratasi yangekuwa safi kabisa. Toa milioni 48 kwenye 56 zinabaki 8. Nyumba ya vyumba vinne ya miaka 20 ina paa la kuangalia, ina rangi, ina shimo la choo. Fremu mbili tuseme elfu 40 kila moja, hiyo ni laki 9 na elfu 60 kwa mwaka kama hazikai tupu hata mwezi, na tumeziona zilivyokaa. Kutoka pale kwenda kliniki ya mama ni nusu siku na magari yasiyopungua mawili. Watoto wawili wote wana miji yao, hivyo vyumba viwili vya ziada vingekuwa vya magunia. Yani hata kihalali ile nyumba ilikuwa inakwenda kumla. Nilimwambia hivyo na alikasirika, kasema wajukuu watalala wapi, nikamwambia sebuleni kama tulivyolala sisi wote.

Kulikuwa na wazo la pili, kununua kiwanja kilichopimwa Kigamboni na kujenga taratibu. Hili sikulipenda tangu mwanzo. Kujenga ukiwa na mshahara unaokuja ni jambo moja, ukikwama unasubiri mwezi ujao, lakini kujenga kwa fungu lisilorudi tena, huku bado unalipa kodi Tandika, huku unapanda daladala kwenda kusimamia fundi anayekuambia saruji imeisha na wewe uliona mifuko kumi jana… Nimeona wastaafu wengi wakiishia kwenye lenta. Nyumba ina kuta, haina paa, hela imeisha, na majani yanaota sebuleni. Mwalimu mwenyewe alipiga bajeti akafika milioni 49 bila madirisha, akafunga daftari.

Na kulikuwa na afisa mkopo. Huyu alimfuata mzee akiwa foleni, akamwambia mstaafu anakopesheka, makato yanatoka kwenye pensheni moja kwa moja, angeweza kuongeza hela na kununua nyumba kubwa. Ni kweli mikopo hiyo ipo na si haramu. Ila makato aliyoambiwa ni laki 2 na nusu kwa mwezi, toa kwenye laki 6 na elfu 8, zinabaki laki 3 na elfu 58 za kula, umeme, maji, nauli za kliniki na michango ya misiba ambayo ukistaafu ndo inaongezeka. Mama alisikia hiyo hesabu akacheka tu.

Chamazi tuliipata Aprili, kupitia mama, kuna mteja wake wa vitumbua alisema dada yake anahama na mumewe wanauza. Si mbali na uwanja wa Azam Complex, ila ndani ndani kidogo. Vyumba viwili, sebule, choo cha ndani, jiko nje limeezekwa. Wanataka milioni 43.

Aprili ni masika na mimi nilifurahi. Ukinunua nyumba Dar nenda mvua ikiwa inanyesha au imetoka kunyesha usiku, Septemba kila nyumba ni nzuri. Tulienda mara tatu. Mara ya kwanza kavu. Mara ya pili asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, maji yamesimama barabarani lakini uwanja wao uko juu kidogo yamepita pembeni. Nikazunguka nyuma kuangalia ukuta, nyumba inayoingiaga maji ina mstari, hata wakipaka rangi ule mstari unarudi, chini rangi inavimba kama ngozi iliyoungua. Hapakuwa na mstari. Nyumba ya jirani upande wa bondeni ulikuwepo, usawa wa goti. Mara ya tatu Mwalimu alienda na mama peke yao na bajaji, wakapima muda mpaka Rangi Tatu na nauli, kisha mama akaingia chooni akakaa humo muda mrefu. Akatoka akasema hiki choo cha kuchuchumaa mimi kwa magoti haya nitakaa miaka mitatu tu, kiondoke. Huo ndo ukaguzi bora wa nyumba niliouona mwaka mzima, hakuna mhandisi angeusema.

Upande wa makaratasi, hati miliki hakuna. Urasimishaji, yani kupima makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa, ulipita, bikoni za mipaka zipo, namba ya kiwanja ipo, hati haijatoka. Wao walinunua kwa mkataba wa serikali ya mtaa na mkataba wanao, na aliyewauzia bado yuko hai mtaa wa pili, tukaenda kwake akakiri na majirani wa pande zote wakakiri mipaka. Kwa bei hii na eneo hili huo ndo usafi utakaoupata, anaesubiri nyumba yenye hati kwa milioni 40 Temeke atasubiri sana.

Muuzaji ni mume, jina lake peke yake ndo liko kwenye mkataba wa zamani. Sisi tukataka mke asaini ridhaa, na si kwa mapambo. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimeshuhudia kesi ambayo mke anakuja miaka miwili baadae anasema mimi sikujua, na mnunuzi anaanza kutafuta mawakili na hela hana. Mke wa muuzaji alisaini mbele ya wakili, akapigwa picha, kitambulisho kikawekwa nakala.

Wakashuka mpaka 38. Kushuka kwenyewe alikufanya mama, sisi wanaume tulikuwa tumeshakubali 41.

Kisha mtaa. Ofisi ikasema asilimia 10 ya mauzo, yani milioni 3 na laki 8 kwa kugonga muhuri. Mimi nimefanya kazi hii miaka tisa sijawahi kuoneshwa sheria inayoidai hiyo asilimia 10, huwa naomba tu kwa heshima nioneshwe na nipewe risiti. Tukamalizana kwa laki 5, imeandikwa mchango wa ofisi, na risiti. Kuna watakaosema hata hiyo asingetoa, sawa, ila Mwalimu ndo anakwenda kuishi pale na mwenyekiti ndo mtu wa kwanza utakaemhitaji kukiwa na mgogoro wa mpaka.

Jambo jingine, muuzaji aliomba kwenye mkataba tuandike milioni 20 badala ya 38 ili kodi yake ya ongezeko la mtaji ipungue. Hili linafanyika kila siku. Mwalimu alikataa na mimi nilimuunga mkono kwa sababu ya ubinafsi kabisa, siku mauziano yakibatilishwa utarudishiwa kilichoandikwa, na siku ukiuza wewe faida yako itaonekana kubwa na kodi utalipa wewe. Ushuru wa stempu asilimia 1, laki 3 na elfu 80, ukalipwa kwa bei ya kweli.

Tulikogombana ni kwenye jina. Mzee alitaka nyumba iandikwe jina la mtoto wake wa kiume moja kwa moja, eti kukwepa mirathi, baada ya kuona ya Chanika. Namuelewa. Ila nikamuuliza, kijana akifa kabla yako? Akiachana na mkewe na mke akadai? Akipata shida ya biashara akaiweka rehani? Wewe na mama mtakuwa wageni kwa mtoto wenu, mnakaa kwa hisani. Na mama ambaye vitumbua vyake vimelipa kodi ya Tandika miaka yote hatajwi popote. Akanyamaza siku nne. Mkataba ukaandikwa majina mawili, yeye na mama, na hati ikiombwa itaombwa hivyohivyo kwa umiliki wa pamoja, Sheria ya Ardhi ya 1999 inawapa wanandoa hiyo nafasi, mmoja akitangulia sehemu yake inakwenda kwa aliebaki. Mama aliposaini aliandika majina yake yote matatu taratibu kwa herufi kubwa, akauliza kama amekosea.

Mwisho wa hesabu ikawa hivi: milioni 56, toa moja na nusu ya Chanika, toa 38, wakili laki 7 (punguzo langu lipo humo), mtaa laki 5, stempu laki 3 na 80, matengenezo milioni 3 na laki 2, kuhama laki 2. Zikabaki kama milioni 11 na nusu. Milioni 10 zimeenda mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, iliyobaki iko kwenye simu na benki. Matengenezo yenyewe yalikuwa choo cha kukaa na bomba la chuma ukutani la kushikia, ngazi ya mlango wa mbele ikageuzwa mteremko, mifereji ya bati na simtank ya lita 1,000. Fundi alicheka lile bomba, akasema mzee unajenga hospitali? Mwalimu akamwambia funga hapohapo kijana, na liwe imara.

Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi, mama aliiona mara ya kwanza akadhani ameibiwa umeme. Hati bado inafuatiliwa manispaa, nimemwambia ikitoka inaweza kuwa ya miaka 99, akapiga hesabu papo hapo akasema itaisha akiwa na 159.

Ile milioni 1 na nusu haijarudi. Kijana wa Chanika ukimpigia anapokea, hajawahi kuzima simu hata siku moja. Anasema shikamoo Mwalimu, wiki ijayo.